Marehemu wa Kunduchi Hakuwa na Wake Saba: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Malikale Dar es Salaam

Waheshimiwa,

Nawasalimu. Mimi ni mwongoza wageni hapa Dar es Salaam, huu mwaka wa kumi na moja. Asubuhi nawapitisha watu mjini kati: Boma la Kale, Sanamu ya Askari, makanisa ya Mjerumani. Mchana nawapeleka Kunduchi, na mwenye siku nzima namfikisha hadi Kaole, kule Bagamoyo. Nina ombi kwenu, ila nikianza na ombi mtaniona mlalamishi kama wengine, kwa hiyo naanza na kosa langu mwenyewe.

Pale Kunduchi, kwenye magofu, yapo makaburi ya nguzo. Nguzo imejengwa kichwani mwa kaburi, imepigwa chokaa, na chokaa ikiwa bado mbichi wazee waligandisha humo mabakuli na sahani za kaure kutoka China. Vyombo vingi vimeshang'olewa. Kilichobaki ni vishimo vya mviringo, laini kwa ndani, ukipitisha kidole unasikia kabisa ukingo wa bakuli ambalo halipo. Mgeni akiviona lazima aulize. Mwaka wangu wa kwanza kazini sikuwa na jibu, na mgeni asiyejibiwa hatoi bakshishi. Basi nikajibu. Nikasema marehemu alikuwa mtu mzito, kila bakuli ni mke mmoja, na huyu bwana alikuwa na wake saba. Vishimo vyenyewe sikuvihesabu. Saba ni namba inayouzika.

Wageni wakacheka, wakapiga picha, wakatoa. Keshoye nikarudia. Baada ya mwaka hivi nikawasikia waongozaji wenzangu wawili, kila mmoja na kundi lake, wanasema wake saba, na mmoja ameongeza kwamba bakuli kubwa ni la mke mkubwa. Siku nyingine mgeni akanionyesha kwenye simu yake mtu aliyeandika kwa Kijerumani kwamba kwa mila za Waswahili kila bakuli kaburini huhesabu mke. Kamba yangu ilikuwa imeshavuka bahari.

Aliyenikomesha ni bibi mmoja wa hapo hapo Kunduchi. Alikuwa anapita na ndoo ya samaki, akasimama kivulini, akanisikiliza mpaka mwisho bila kusema kitu. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, akatua ndoo, akaniuliza kwa upole kabisa: "Baba, huyo uliyemwozesha wake saba, mshenga ulikuwa wewe?"

Wageni wakataka kujua bibi amesema nini. Nikawaambia anatukaribisha. Yaani hata hapo nikadanganya.

Waheshimiwa, tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuuliza, na ninachotaka kuwaambia kimetokana na hilo. Msikiti uliobomoka pale Kunduchi huhesabiwa kuwa wa karne ya 15 au 16. Makaburi mengi yanayouzunguka ni ya karne ya 18 na 19. Kwa hiyo waliozikwa pale wengi wao waliukuta msikiti ukiwa mkongwe tayari, kama sisi tunavyozikuta nyumba za Mjerumani. Kaure ilifika kwa biashara ya majahazi, mkono kwa mkono, bandari kwa bandari, ikisukumwa na kaskazi. Haikuwa lazima Mchina mwenyewe atie nanga Kunduchi, ingawa nina wageni ambao wangefurahi sana nikisema hivyo. Na kwa nini iwekwe kaburini? Ukiingia nyumba za mawe za zamani za pwani hii utakuta zidaka ukutani, vile vijishubaka vya kupangia vyombo vya fahari ili mgeni aingiapo aone kwamba hapa wamo watu. Yule marehemu walimpangia vyombo vyake kama nyumbani. Ndiyo maana yake. Wake zake tuwaache.

Na nguzo yenyewe ina jambo kubwa zaidi. Makaburi ya nguzo yapo kuanzia pwani ya Somalia, yanashuka Kenya, Tongoni kule Tanga, Kaole, Kunduchi, hadi kusini. Ukienda Shiraz au Muscat kuyatafuta, utarudi mikono mitupu. Ni mtindo wa pwani hii, uliobuniwa na watu wa pwani hii.

Sasa waulizeni watu nani alijenga. Mimi nimeuliza, kwa miaka, madereva wa bajaji, walimu, wageni wenyewe, watoto wanaocheza pale. Nimepata Wareno. Nimepata Washirazi. Nimepata Waarabu. Nimepata majini, tena kwa usiku mmoja, alfajiri ikawakuta hawajamaliza paa ndiyo maana hakuna paa. Mswahili simpati. Akitokea kwenye kisa, anatokea akibeba mawe.

La Wareno halina hata haja ya msomi. Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498, na mwaka 1505 Francisco de Almeida akaiteka na kuipora Kilwa. Wakati huo Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao sehemu yake ya kwanza ni ya karne ya 11, ulikuwa na miaka mamia. Na hata tusipohesabu miaka: Mreno yule aliyekuja na msalaba kwenye tanga, ajenge msikiti wenye mihirabu imeelekea kibla, kwa ajili ya nani?

La Washirazi ni gumu zaidi, na hapa naomba mnivumilie, maana ni kisa ninachokipenda kuliko vyote na sitaki mkifute.

Tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha historia ya mji huo, kilichoandikwa kwa Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 16, kinasimulia kwamba kule Shiraz palikuwa na sultani aliyeota ndoto. Aliota panya mwenye pua ya chuma anautoboa ukuta wa mji. Alipoamka akajua mji umekwisha. Akawaita wanawe sita, wakapanda majahazi saba, baba na wana, wakafuata pepo mpaka pwani yetu, na kila jahazi likatua mahali pake: moja Mombasa, moja Pemba, moja Nzwani huko Visiwa vya Komoro, na moja Kilwa. Wa Kilwa aliitwa Ali bin al-Hasan. Akamkuta mwenye kisiwa, mtu wa bara, akataka kununua. Mwenyewe akasema bei ni nguo za kukizunguka kisiwa chote. Ali akazitandaza, nguo za rangi, kisiwa kikazungukwa. Yule mwenyeji akachukua nguo zake akaenda bara, akiwa na nia ya kurudi na jeshi kukitwaa kisiwa chake, maana maji yakitoka mtu alikuwa anavuka kwa miguu. Mshirazi akamuwahi, akachimba mlangobahari ukawa na kina. Mwenyeji aliporudi akakuta maji hayatoki tena. Akasimama ng'ambo.

Nikikisimulia hiki hata dereva wa basi huzima redio. Ni kizuri, kina kila kitu, kina hata aibu ya mjanja kuzidiwa ujanja. Lakini tazameni kinachotokea kikisimuliwa peke yake, bila la kukisindikiza. Mwenye kisiwa anaishia ng'ambo. Na huko ndiko tumewaacha babu zetu, wamesimama ng'ambo na vitambaa mkononi, wakiangalia wengine wanajenga.

Wachimbaji wa historia wamekuta vingine. Pale Kilwa watu waliishi karne kadhaa kabla ya jiwe la kwanza la msikiti, kwenye nyumba za miti na udongo, wakivua, wakifua chuma, wakifinyanga vyungu vya namna ile ile iliyokuwa ikifinyangwa bara na pwani nzima. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametumia umri wake kuonyesha kwamba miji hii ilichipuka kwa wakulima na wafua chuma wa hapa hapa. Mawe yalikuja baadaye, biashara ilipokomaa. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri, na nyumba alizoziona yeye zilikuwa za miti. Huyo ndiye shahidi tuliye naye, na bado tunamwambia mgeni kwamba pwani ilianza kwa mawe kutoka Uajemi.

Ila na mimi nisivuke mpaka. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kwenye miji ya zamani ya Kenya na Tanzania, karibu yote ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo. Wengi walikuwa wa makaburi ya wakubwa, karibu na misikiti. Ikaonekana kwamba kwa wengi wa watu wa pwani zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, hasa upande wa mama, na upande wa baba Uajemi umo waziwazi, na kuchanganyika kulianza kwenye mwaka 1000 hivi. Kwa hiyo panya mwenye pua ya chuma hakuwa uongo mtupu. Mababa kweli walikuja, wakaoa. Lakini lugha iliyobaki nyumbani ni ya mama, na chungu jikoni ni cha mama. Kisa kimemkumbuka mkwe kikamsahau mwenye nyumba. Hilo linasimulika, tena kwa wageni linavutia kuliko majini. Nimejaribu, wanauliza maswali mpaka chakula kinapoa.

Sasa niwaeleze kwa nini nawaandikia ninyi badala ya kujirekebisha kimyakimya.

Lipo gofu moja upande wa kusini mwa jiji, jina nalihifadhi. Mwaka juzi nilimpeleka pale mgeni wa aina yake: mzee fundi mwashi wa Mbagala, alinilipa nauli kwa sababu alitaka tu kuona kazi ya waliomtangulia. Hakuniuliza nani kajenga. Alikwenda moja kwa moja ukutani akakwangua kwa kucha. Kwenye kiganja chake kikadondoka kichanga cheupe chenye vipande vya kombe. "Chokaa hii," akasema, "wameichoma kwa matumbawe." Akanieleza inavyofanyika: magogo yanapangwa tabaka juu ya tabaka kama kichuguu cha mviringo, matumbawe juu yake, moto unawashwa katikati, jiwe likishaiva linazimwa kwa maji na kuachwa muda mrefu kabla ya kutumika, maana chokaa ya haraka hupasuka. Akapima chumba kwa hatua zake. Akasema hiki hakikuzidi mita 3 kwa upana, na chumba kingine chochote humu hakitazidi sana, kwa sababu dari ililalia boriti za mikoko na mkoko haukupi boriti ndefu kuliko hapo. Mimi nilikuwa nimewaambia watu miaka kadhaa kwamba vyumba ni vyembamba kwa sababu watu wa zamani walikuwa wafupi.

Halafu akafika kona iliyokarabatiwa. Akanyamaza. Ilikuwa imezibwa kwa sementi, safi, imepigwa mwiko vizuri. Akagonga kwa kifundo cha kidole, ikalia tupu. Akaingiza ufunguo wa nyumba yake kwenye ufa, kikatoka kipande cha plasta ukubwa wa sahani, na nyuma yake matumbawe yamekuwa unga. Kabisa, unga, kama wa sembe. Jiwe la matumbawe linanyonya maji na chumvi, akasema. Chokaa huviachia vikatoka polepole, sementi huvifungia ndani, basi jiwe linaoza mgongoni mwa plasta huku mbele panang'aa. "Aliyefanya hivi alikuwa na nia njema," mzee akasema. "Na bajeti."

Kando ya ukuta huo kilisimama kibao, Kiingereza kitupu, kikiwapa jengo lile "Waarabu wa Kishirazi". Shiraz iko Uajemi, na Waajemi si Waarabu. Mtu aliyeandika alichanganya visa viwili vya mitaani akatia mhuri wa serikali.

Nikaandika barua, ya kawaida, yenye kumbukumbu namba na kila kitu, nikaipeleka kwenye ofisi moja ambayo nayo siitaji. Niliomba mambo mawili: nipewe maelezo sahihi ya gofu lile ili niyasome kwa wageni, na fundi wa sementi asirudi. Masijala wakaigonga mhuri, wakaniambia njoo Alhamisi. Alhamisi mhusika alikuwa semina. Alhamisi ya pili faili lilikuwa limepanda juu. Alhamisi ya tatu nikabahatika kumwona bwana mmoja mwenye kiti cha kuzunguka, mtu wa heshima tu, akanikaribisha na maji ya kunywa, akaisoma barua yangu hadi mwisho. Kisha akaniuliza: "Sasa kijana, haya mambo ya Waarabu unayatakia nini?"

Simlaumu kwa kuchelewa, ofisi ni ofisi. Nilichotoka nacho pale ni lile neno lake. Kama mwenye faili anaamini kwamba gofu si letu, kwa nini alihangaikie? Sementi inamtosha, tena ni hisani. Ndiyo sababu nasema kisa cha "walijenga wageni" kinabomoa kuta kweli kweli.

Jiji hili lenyewe limefanyiwa hivyo. Muulize mtu yeyote Dar es Salaam ilianzaje. Atakwambia Bandari ya Salama, na kwamba aliyeianzisha ni Sultani Majid. Jina kwa Kiarabu ni dar, nyumba au makazi, na salaam, amani. Bandari imeingizwa na masikio yetu kwa kuwa bandari tunaiona. Majid bin Said wa Zanzibar kweli alianza kujenga hapa katikati ya miaka ya 1860. Boma la Kale, lile lenye kuta nene za matumbawe kando ya bandari, ni la 1866 na 1867. Akafariki 1870, mji ukadorora chini ya nduguye Barghash, mpaka Wajerumani walipohamishia hapa makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Yote sawa. Lakini Majid alipofika alikuta kijiji cha Mzizima, na kando ya Mzizima miji ya Washomvi, Waswahili wa pwani hii: Kunduchi, Msasani, Mbuamaji kule Kigamboni, yenye misikiti na makaburi yake. Wao wana kisa chao. Wanasema walitoka Barawa, pwani ya Somalia, na kwamba Wakamba walipowavamia walimwita Pazi Kilama, jemadari wa Wazaramo, akawaokoa, na tangu hapo Mshomvi akawa anatoa ada kwa Mzaramo. Nani kati yetu amewahi kumsimulia mgeni habari za Pazi Kilama? Nimeishi jiji hili umri wangu wote, nimelisikia jina hilo nikiwa na miaka thelathini na kitu. Kisa cha mwenyeji hakina kibao. Kisa cha sultani kinacho.

Nikawa nasoma na sheria, maana bwana wa kiti cha kuzunguka alinitia uchungu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo linahitaji Waziri alitangaze. Sasa pigeni hesabu. Magofu ya Kunduchi na Mbuamaji, ambayo wengi hamjakanyaga, yanalindwa tangu siku sheria ilipopita, hayahitaji kikao. Boma la Majid, ambalo mnalipita kila siku mkienda kivukoni, lilichelewa miaka mitatu. Na wakati huo huo kilichochelewa ndicho kinachojulikana, na kilichowahi kimeachiwa majini.

Mtasema waongozaji ndio wapotoshaji, tufunzwe adabu kwanza. Ni kweli, tunapiga kamba, na ushahidi mmeshaupata hapo juu. Lakini nawapa mfano wa mahali ambapo sijawahi kudanganya hata siku moja, wala sijamsikia mwenzangu akidanganya: Sanamu ya Askari. Iko palepale tangu 1927, singe imeelekea bandarini, ilisimamishwa mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann. Pale watu wangeweza kutunga mengi. Hatutungi, kwa sababu chini yake pameandikwa, kwa Kiingereza, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, kwamba ni kumbukumbu ya askari Waafrika na ya wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Mgeni anasoma, mtoto wa shule anasoma, mimi nikichepuka nitaonekana. Kutoka hapo ninawapeleka Kariakoo na kuwaeleza kwamba jina hilo ni Carrier Corps, kikosi cha hao hao wapagazi, lililolainishwa na midomo yetu, na kila mtu anatikisa kichwa kwa sababu ameshayaona maandishi. Ni bamba la shaba tu, lakini limefanya kazi ya mwalimu kwa karibu miaka mia.

Basi ombi langu ni maandishi. Ukurasa mmoja kwa kila gofu na kila jengo la zamani la mkoa huu, kwa Kiswahili kwanza, lugha nyingine zifuate. Waandike wenye elimu yao wa chuo kikuu na wa Makumbusho ya Taifa, wakikaa mkeka mmoja na wazee wa Kunduchi, wa Msasani na wa Mbuamaji, maana yapo mambo ambayo mchimbaji hayapati ardhini. Mwaka, ujulikane. Mjenzi, atajwe kwa jina la watu wake. Na kisa kiwekwe pale pale, msikifiche, lakini chini ya neno lake: "Wasemavyo." Panya mwenye pua ya chuma namtaka kibaoni. Mbuyu wa Kaole ambao ukiuzunguka unaongezewa umri, nautaka pia. Mimi mwenyewe nimeuzunguka mara nyingi mno, nadhani nitawazika nyote. Na palipo na kaburi ambalo watu wanaomba dua hadi leo, kama kaburi la Sharifa hapo hapo Kaole, tuandike kwa adabu kwamba watu wanaomba dua, basi. Hapo hakuna wa kusahihishwa.

Vishimo vya nguzo za Kunduchi msivijaze. Nimesikia mtu mwenye nia njema akipendekeza sahani mpya zibandikwe ili pavutie. Jamani! Zile chache zilizobaki zipigwe picha, zihesabiwe, picha zikae mahali zinapoonekana, ili siku moja ikikosekana tujue ilikuwapo. Na ukuta ukihitaji kuzibwa, itafuteni chokaa. Wanaojua kuizima bado wapo, hata Mbagala.

Sisi waongozaji tuitwe siku moja, tupewe hayo maandishi, tuulizwe maswali, anayeshindwa asipewe kitambulisho mpaka ajue. Posho si lazima. Nauli tutajitegemea.

Jumamosi ijayo nina wanafunzi wa darasa la sita, basi zima, tunaingia Kunduchi saa tatu asubuhi. Nitawapeleka kwenye nguzo ile. Watauliza vishimo ni vya nini nitawaeleza. Watauliza mabakuli yameenda wapi, nitawaambia yameibwa. Watauliza aliyejenga, nitamtaja. Ila darasa la sita nawajua, yupo mmoja atakayenyoosha mkono aseme, mwalimu wetu alituambia ni Waarabu, wewe umesoma wapi? Ningependa kumwonyesha kwa kidole kitu kilichoandikwa, na kama Jumamosi ni karibu mno, basi niambieni angalau ni ofisi ipi, ghorofa ya ngapi, nije Alhamisi gani.

Wenu mtiifu,
Mwongoza wageni, Temeke